Kiti Kitupu cha Ndege ya Nyamtondo

Ukimwambia Nkwabi mwana wa Luhende kwamba kutoka Geita hadi Shinyanga ni saa moja tu kwa ndege, hakubishi. Anakutazama kwanza, halafu anauliza, "Saa moja kwa nani?" Kama huna jibu, na wengi wetu hatukuwa nalo, anainuka na kigoda chake anakwenda kukaa upande mwingine. Wageni walimwona mtu mwenye roho mbaya. Hakuwa nayo. Alikuwa na hasira, na hasira ile ina mahali ilipozaliwa. Sogeeni basi niwapeleke.

Mwaka wa hamsini na tatu Nkwabi alikuwa ameajiriwa Nyamtondo, mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Wenzake walishuka mashimoni, wanapanda jioni wakiwa wa rangi moja wote, huwezi kumjua Mha wala Mnyamwezi. Yeye hakushuka. Kazi yake ilikuwa uwanja wa ndege. Na mkisikia uwanja wa ndege msifikirie lami na taa. Ulikuwa ni ukanda wa majani uliofyekwa kati ya vilima viwili, basi. Zamani yalikuwa malisho ambayo wenyeji wa pale waliyafunga na kuyatunza kwa ajili ya kiangazi, yale tunayoyaita ngitili. Mgodi ukayachukua, ukapiga uzio upande mmoja na upande wa pili ukaishiwa na waya. Ng'ombe hawakupewa habari. Waliendelea kuja.

Kwa hiyo ndege ikisikika kwa mbali, Nkwabi anafanya mambo mawili. Kwanza anawatoa ng'ombe. Hakuwa na fimbo. Alikuwa na mluzi wake, mwembamba, wa kupanda na kushuka, na yule ng'ombe jike aliyekuwa akiongoza kundi akiusikia anageuka, na wote wanageuka. Pili anawasha moto wa majani mabichi pembeni, moshi unapanda, rubani anaona upepo unavuma kutoka wapi. Basi ndege inatua.

Kazi nzuri, isiyo na vumbi la mwamba kifuani. Kosa la Nkwabi ni kwamba akienda likizo nyumbani aliisifia kupita kiasi. Kwao ni Mwajidalala, kijiji kilicho karibu kabisa na uwanja wa Shinyanga, na ndege iliyotua Nyamtondo ni ile ile waliyoiona kwao ikiondoka asubuhi. Jioni moja, pombe ya mtama ikiwa imeshazunguka, akasema mbele ya ukoo mzima:

"Ile ndege haigusi chini mpaka mimi niiruhusu. Nikikataa, inarudi hapa na wazungu wake."

Watu wakacheka. Mdogo wake Maige akasema, "Basi siku moja tupakie na mbuzi." Lakini mzee Luhende, baba yao, hakucheka. Alimtazama mwanawe kama mtu anayetazama shamba lililozaa. Kuanzia siku ile akaanza kuwaambia majirani, "Mkubwa wangu ndiye mwenye ndege ya Nyamtondo." Na Nkwabi hakumsahihisha.

Ndege yenyewe ilikuwa ya kukodi, ya wazungu wawili waliokuwa na kampuni yao ndogo. Ina viti sita. Inakuja na vyuma vya mashine na barua, inarudi na wakubwa waliotaka kwenda mjini. Kwa huko juu, njia ni maili mia kasoro kidogo, na ndege inaimaliza kwa saa moja. Mama anayebandika maharage ndege ikiruka, ndege inatua maharage bado magumu. Kwa huku chini ni habari nyingine. Kuna mbuga za tope jeusi linalovua viatu, kuna mito isiyo na daraja, kuna Segese, halafu mbuga tena. Wakati wa masika malori yanasimama kabisa. Mtu anatembea.

Ilikuwa katika masika ya mwaka ule mzee Luhende alipofariki.

Asubuhi ile ndege ilitua kama kawaida. Aliyeshuka wa kwanza akakimbilia kwenye moshi alikuwa Ignas, jirani yao wa Mwajidalala, msaidizi wa fundi wa ndege. Katika watu weusi, yeye peke yake ndiye aliyeruka nayo, akikaa nyuma kabisa juu ya sanduku la spana.

"Kaka Nkwabi, acha moto uje."

"Moto hauachwi mpaka injini inyamaze. Kuna nini?"

"Mzee ametutoka."

"Mzee gani?"

"Baba yako. Alfajiri. Sengi wako alikuja mwenyewe pale uwanjani akanikamata shati, akasema sirudi bila wewe. Dume limeshachinjwa. Wanazika jua likianza kushuka. Upande na ndege hii hii."

Sengi ni shangazi, dada wa baba. Na hapo inabidi muelewe kidogo mila ya nyumba ile. Mwenye mji akifa anazikwa ndani ya zizi la ng'ombe wake, amefungwa katika ngozi mbichi ya dume. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayeshika ngozi upande wa kichwa na kumlaza baba yake chini. Baada ya matanga wafiwa wananyolewa. Aliyenyolewa ni mtoto wa marehemu, hata asiposema neno watu wanajua. Asiyenyolewa ni mtu aliyekuja kuangalia.

Zamani aliye mbali alikuwa hana lawama. Atapelekewa habari na mtembea kwa miguu, atarudi akikuta kaburi limeota majani, atalia, atanyolewa, yamekwisha. Lakini safari hii habari ilikuwa imeruka. Ilitoka Mwajidalala asubuhi, ikafika Nyamtondo asubuhi hiyo hiyo. Na habari ikiweza kufika kwa saa moja, mtu atasema nini?

Nkwabi alikwenda kwa meneja. Wafanyakazi walimwita Bwana Miwani, na alikuwa amesimama chini ya bawa akizungumza na rubani.

"Shikamoo, Bwana."

"Nkwabi! Kazi nzuri leo, moshi safi."

"Bwana, baba yangu amefariki leo. Kwetu Shinyanga. Naomba nirudi na ndege."

"Loo, pole. Pole sana. Lakini ndege si lori, Nkwabi."

"Viti ni sita, Bwana. Wanaokwenda ni wawili."

"Watatu. Pinto anaumwa sikio, anakwenda kwa daktari wa mifugo."

Pinto alikuwa mbwa wake. Alikuwa pale pale, amelala kivulini, anajikuna.

"Basi vinabaki vitatu, Bwana. Sitaki hata kiti. Nitakaa nyuma na Ignas."

Bwana Miwani akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Aliongea polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kifungo.

"Sikiliza. Leo nitakupandisha wewe. Kesho atakuja mwingine, baba yake amekufa. Keshokutwa mwingine, mke wake anazaa. Nina watu mia nne hapa. Wote wana baba."

"Wote wana baba, Bwana. Wangu ndiye amekufa leo."

Rubani akaangalia saa. Bwana Miwani akavaa miwani.

"Nakupa ruhusa ya wiki mbili na posho yako kamili. Unaona? Si kila meneja angefanya hivyo. Nenda, tembea taratibu. Ila kabla hujaondoka, ng'ombe wameingia tena uwanjani."

Na Nkwabi, ndugu zangu, akaenda akawatoa. Hilo ndilo lililomla miaka yote, kuliko hata kukataliwa. Mdomo wake mwenyewe ulipiga mluzi, ng'ombe wakageuka, njia ikawa nyeupe, na ndege ikapita mbele yake na mbwa amebandika pua kwenye kioo.

Sasa njooni Mwajidalala. Ukoo mzima ulikuwa umetoka kwenda uwanjani kumpokea. Wanawake wamejifunga vitambaa viunoni. Maige na binamu zake wamebeba ngozi ya dume, mbichi, bado inadondoka damu, maana sengi alisema Nkwabi akishuka tu aishike pale pale, mwendo wa kutoka uwanjani mpaka zizini uwe ni mwendo wake na baba yake. Ndege ikatua. Mlango ukafunguka. Wazungu wawili wakashuka, na rubani, na Ignas. Kisha akashuka mbwa, akajinyoosha, akainua mguu akakojolea gurudumu.

Walingoja. Mlango ukabaki wazi na ndani hakuna mtu.

Sengi alimfuata Ignas. "Yuko wapi?"

Rubani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, na Kisukuma kidogo alikisikia. Ignas aliangalia viatu vyake.

"Nilimfikishia habari, mama. Hakupanda."

Maneno mawili, yote ya kweli. Akainama chini ya bawa akaendelea na kazi yake.

Maige ndiye aliyeshika ngozi upande wa kichwa.

Nkwabi aliingia Mwajidalala siku ya tano, miguu imepasuka kwa tope, suruali imekauka ngumu kama gome. Alijua kwamba mazishi yamempita. Hakujua lililobaki. Hakuna aliyetoka mbio kumpokea. Hakuna mwanamke aliyepiga kelele ya kilio kumwonyesha njia. Walikuwa wamekaa uani, vichwa vyote vimenyolewa vinang'aa, wanamtazama anavyokuja.

"Mwadila, sengi."

Sengi hakuitikia. Maige ndiye aliyesimama.

"Karibu, mwenye ndege. Umeiegesha wapi?"

"Maige, nioneshe alipo baba."

"Yuko zizini. Ng'ombe wanamjua."

"Walinikatalia kupanda. Niliomba, wakakataa."

"Walikukatalia!" Maige akawageukia wengine. "Mmesikia? Mtu ambaye ndege haitui mpaka airuhusu, amekatazwa. Na nani? Na mbwa? Tulimwona mbwa, kaka. Alishuka vizuri kabisa. Tulikuwa tumesimama na ngozi mkononi inatudondokea damu miguuni, tukampokea mbwa."

"Mimi siiruhusu ndege." Nkwabi alisema hivyo mbele ya wake za ndugu zake na wakwe zao. "Sijawahi. Mimi natoa ng'ombe uwanjani na kuwasha moshi. Ndiyo kazi yangu. Nilikuwa najisifu."

Mngedhani maneno hayo yangemsaidia. Yalimmaliza. Wazee wakatazamana. Kama alimdanganya baba yake miaka yote ile, kwa nini asiwadanganye na hili? Na Ignas wa jirani, ambaye hana ugomvi na mtu, alisema nini? Hakupanda. Hakusema alikataliwa.

Nkwabi akaketi chini, akainamisha kichwa. "Ninyoeni."

"Hunyolewi," akasema Maige. "Nywele zako baki nazo. Zitakufaa kwenye baridi ya huko juu."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza haraka.

Sengi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, ambaye hakuwahi kupandisha sauti maishani mwake kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Akasema, "Hatumnyoi, wala hatumfukuzi. Hatujui. Maige, mwende wote mpaka huko kwake. Uone kwa macho yako. Ukikuta amesema kweli, mnyoe huko huko, sitaki kichwa hicho kirudi hapa na nywele. Ukikuta ni uongo, mwache huko huko na usituletee habari zake tena."

"Sengi, huko ni siku tano za tope!"

"Ndiyo. Si kuna mtu anasema ndivyo ilivyo? Kaipime."

Wakaondoka ndugu wawili. Kaka mbele, mdogo nyuma, na katikati yao nafasi ya kupitisha mkokoteni. Kila mmoja na michembe yake, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, katika kifuko chake. Wakisimama kupumzika kila mmoja anawasha moto wake. Wapita njia walishangaa. Walipofika Segese, mama mmoja muuza uji aliyeitwa Mwanaima, mtu wa Tabora mwenye maneno, akawatazama mmoja amekaa ukingoni huku na mwingine ukingoni kule.

"Nyie mna sura moja na vikombe viwili. Mmegombania mwanamke?"

"Tumegombania ndege," akajibu Maige.

"Ndege gani, kanga?"

"Ya wazungu."

Mama Mwanaima akasahau kuikoroga sufuria. "Haya makubwa. Nimeona watu wamegombania ng'ombe, wamegombania shamba. Sasa mpaka na ndege! Na nani amechukua mabawa?"

Nkwabi alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Maige hakucheka, lakini aliomba uji mwingine.

Kesho yake, wakiwa katikati ya mbuga, tope limewafika kwenye ugoko, wakaisikia. Ilitokea nyuma yao, upande wa Shinyanga, ikapita juu yao chini chini, mpaka wakaona magurudumu. Maige alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, anajaribu kulivuta katambuga lake la tairi ambalo tope lilikuwa limelimeza.

"Inakwenda wapi?"

"Huko huko tunakokwenda sisi."

"Itafika lini?"

"Hujamaliza kuliosha hilo katambuga itakuwa imetua."

Maige aliitazama mpaka ikawa doa, doa likaisha. Kisha hasira ikampanda upya, na mkijua kwa nini mtamwonea huruma.

"Na unataka niamini kwamba kitu chenye nguvu hivyo, kinachoweza kumeza mbuga yote hii mimi nikiwa nimeinua mguu mmoja, kilishindwa kubeba mtu mmoja mwembamba kama wewe? Kilishindwa? Kwani una uzito gani?"

"Hakikushindwa, Maige. Kilikatazwa."

"Na nani?"

"Utamwona."

Walifika Nyamtondo kabla ya mchana, siku ambayo ndege ilikuwa pale. Bwana Miwani alimwona Nkwabi kwa mbali akampungia kofia, na furaha yake ilikuwa ya kweli, maana wiki ile walikuwa wametumia watu kumi wenye fimbo kuwatoa ng'ombe na ndege imezunguka hewani mpaka rubani akatukana.

"Umerudi mapema! Baba amezikwa vizuri?"

"Amezikwa, Bwana. Huyu ni ndugu yangu. Amenisindikiza. Anaomba kurudi nyumbani na ndege."

Maige akapiga hatua mbele. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kizito, lakini kilimtosha. "Shikamoo. Mimi nataka kurudi kwetu. Miguu imeumia."

Bwana Miwani akacheka, si kwa ubaya. Akamgeukia rubani, naye akacheka. "Nkwabi, tulishazungumza hili. Kutembea ni afya kwa kijana kama huyu."

"Naweza kuona ndani?" akauliza Maige.

"Aone, aone, hakuna shida."

Maige akapanda kingazi, akaingiza kichwa. Ndani palikuwa na viti sita. Kimoja kiliwekewa mkoba wa mzungu atakayesafiri. Nyuma, juu ya sanduku la spana, amekaa Ignas. Na kwenye kiti cha mbele, kile chenye dirisha kubwa, lilikuwa limekaa gunia la kabichi kutoka bustani ya meneja, zawadi kwa rafiki yake wa mjini. Lilikuwa limefungwa mkanda wa kiti lisianguke.

Ignas na Maige wakatazamana.

"Ignas," akasema Maige kwa Kisukuma, polepole. "Kaka yangu aliomba?"

Ignas akalia. Alilia tu, mtu mzima, spana mkononi.

Maige akashuka. Aliwapita Bwana Miwani na rubani. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kichaka ambako wachungaji wawili, wenye ng'ombe wa pale, walikuwa wamejikinga na jua. Alikaa nao akaongea. Kwa mbali Nkwabi aliona wale wachungaji wakigeuza vichwa kumtazama yeye, halafu wakaitazama ndege. Baba zao ndio waliokuwa wameyafunga malisho yale. Hawakuhitaji maelezo marefu.

Wakasimama, wakawapigia ng'ombe mluzi. Si wa kutoka. Wa kuingia.

Waliingia wote, kundi zima na kundi la jirani, wakatapakaa kwenye ukanda ule tangu mwanzo hadi mwisho, na majani ya masika yalikuwa laini. Rubani alikuwa ameshawasha injini. Akaizima.

"Nkwabi!" Bwana Miwani aliita. "Ng'ombe!"

Nkwabi alisimama pale. Mkono wake ulikuwa umeshainuka kuelekea mdomoni, kwa mazoea tu. Maige alikuwa anarudi, na katika mkono wake alikuwa na wembe aliouazima kwa mchungaji.

"Kaka," akasema. "Kaa chini."

Nkwabi akaketi chini, pale pale kwenye majani, ukingoni mwa njia ya ndege. Maige akammwagia maji ya kibuyu kichwani, akaanza kumnyoa. Akaanzia kwenye paji la uso. Bwana Miwani alikuja mbio.

"Mnafanya nini? Nkwabi, unanisikia? Toa ng'ombe hawa!"

"Nanyolewa, Bwana."

"Utanyolewa baadaye! Rubani lazima awe Shinyanga leo!"

"Hata mimi ilikuwa lazima niwe Shinyanga, Bwana."

"Utafukuzwa kazi! Nitaita polisi! Nilikupa wiki mbili na posho yako, mtu huna shukrani!" Uso ulikuwa umewiva, miwani imeteleza hadi ncha ya pua. "Toa ng'ombe!"

"Usitikise kichwa," Maige alimwambia kaka yake. "Nitakukata."

Karani akaletwa, mpishi akaletwa, watu kumi wenye fimbo wakaletwa. Walikimbia huku, ng'ombe wakapita kule. Waliwapiga wa mbele, wa nyuma wakazunguka. Wachungaji walikuwa wakipiga mluzi kutoka kichakani, taratibu, bila pupa, na wale watu kumi, ambao wote walikuwa wana wa wafugaji na walijua kabisa kinachoendelea, walikimbia kwa bidii kubwa kuelekea mahali pasipo na ng'ombe. Rubani akawasha injini ili awatishe. Kundi likakimbia hadi mwisho wa uwanja, likageuka, likarudi kula majani kwenye upepo wa rafadha, lile panga la mbele ya ndege. Wingu likawa limepanda kutoka ziwani, jeusi. Mvua ikaanza kuwapiga wote, weusi kwa weupe, na rubani akafunga mlango akasema kwamba leo harushi tena.

Mkanda ulifunguliwa, gunia la kabichi likabebwa kurudishwa jikoni.

Nkwabi alifukuzwa jioni ile. Ndugu wale wawili hawakumngoja polisi, walichukua kile kidogo alichokuwa nacho kwenye kambi, wakatoka mvua ikiwa bado inanyesha. Safari hii walitembea sambamba. Hasira haiishi kwa sababu tu imempata anayestahili, na Maige sasa alikuwa nayo kubwa kuliko ya kaka yake, kwa kuwa ilikuwa mpya. Njia nzima alikuwa akisimama ghafla na kusema, "Kabichi!" halafu anaendelea kutembea.

Walipoingia Mwajidalala sengi alikuwa mlangoni akipepeta mtama. Aliona kichwa kile kutoka mbali. Aliweka ungo chini, akapiga kilio, kile cha kumpokea mtoto wa marehemu aliyefika kutoka mbali, na wanawake wakakidaka kutoka nyumba hadi nyumba mpaka kijiji kizima kikajua. Akamshika Nkwabi mkono hadi zizini. Alipotoka huko alimpa maji, akamgeuza kichwa huku na huku.

"Nani amekunyoa hivi? Amekuachia visiki."

"Mvua ilitukuta, sengi," akasema Maige.

Jioni yake Ignas alikuja. Alikuwa ametoka kazini, mikono ina grisi. Alisimama nje ya boma, akabisha hodi, akasalimia. Hakuna aliyeitikia. Akasalimia tena.

"Nimekuja kutoa pole," alisema. "Na nimekuja kusema. Rubani alikuwa amesimama pale, mama. Nina watoto."

Sengi akamtazama Nkwabi, mwana wa kaka yake. Uamuzi ulikuwa wa Nkwabi sasa, yeye ndiye mkubwa wa mji. Nkwabi alikuwa anachonga mpini wa jembe, kazi ya kesho yake. Hakuinua macho.

"Mpeni maji," akasema Nkwabi. "Ametoka kazini, ana kiu. Lakini asiketi."

Binti mmoja akapeleka kibuyu. Ignas akayanywa amesimama, yote, akarudisha kibuyu kwa mikono miwili, akaenda zake.